X bila katapila haibomoi nyumba: maswali yenu kuhusu vipokezi vya komplementi

Haya jamani, wiki iliyopita niligusia kidogo tu habari ya seli nyeupe na vile vishikio vyake vya juu ya ngozi, nikadhani nimepita zangu, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja kutoka Mafinga, Njombe, Kyela, Chunya, mpaka Makete huko kwenye ukungu. Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinafanana. Na nirudie tena, mimi ni mtu wa maabara hapa Mbeya, si daktari, mambo ya kuandikiwa dawa msinitafute mimi.

Shikamoo. Niko mwaka wa kwanza chuo cha afya hapa hapa Mbeya. Tumefundishwa kipokezi kinaitwa CR3, mwalimu kaenda mbio, na ukweli mimi hata hiyo komplementi yenyewe sijaielewa. Test ni Jumatatu. (Wa Soweto)

Marahaba mdogo wangu. Tatizo lako umeanzia katikati ya hadithi, ngoja tuanze mwanzo.

Umeona wanavyopanua barabara Uyole kwenda Ifisi? Kabla ya katapila kufika anapita mtu na kopo la rangi nyekundu anachora X ukutani. Ile X yenyewe haibomoi kitu, unaweza ukakaa nayo hata mwaka, unapika chapati humo humo ndani, watoto wanacheza. Kinachobomoa ni katapila, na dereva wa katapila lazima awe na macho ya kuiona X. Sasa komplementi ndo mwenye kopo la rangi. Ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zinatengenezwa na ini, ziko kwenye damu muda wote zimetulia tu. Kubwa lao linaitwa C3. Bakteria akiingia, C3 inakatwa vipande viwili, kidogo kinaitwa C3a kinaondoka na maji, kikubwa kinaitwa C3b kinanasa kwenye ngozi ya bakteria na kunasa kwenyewe ni kwa gundi ya kemia, hakibanduki. Hiyo C3b ndo X yako. Katapila ni seli nyeupe, nyutrofili na makrofeji. Na jicho la dereva ndo kipokezi, yaani protini iliyochomoza juu ya seli ambayo kazi yake ni kuishika X na kumwambia mwenye seli "meza huyu".

Kinachoanzisha kukatwa kwa C3 kuna njia tatu, kukiwa na kingamwili, zile protini za kinga, zimeshamshika mdudu, au kukiwa na sukari za ajabu ajabu juu ya ngozi yake, au C3 inajikatikia yenyewe kidogo kidogo tu bila sababu na ikibahatika kuangukia mdudu moto unawaka. Na usisahau kwamba komplementi ina silaha yake pia isiyohitaji katapila, protini za mwisho kuanzia C5 mpaka C9 zinaungana zinatoboa tundu kwenye bakteria wa aina fulani na anakufa pale pale. Mwalimu akiuliza hiyo iandike, ila sio swali lako leo.

Aliyeifumbua hii kitu ni Mbelgiji mmoja, Jules Bordet, akiwa Paris miaka ya 1890. Alipasha moto seramu, yaani yale maji ya damu bila seli, yenye kingamwili mpaka kama nyuzi 56, ikashindwa kuua bakteria, akaongeza seramu mbichi kidogo ya mnyama asiyechanjwa, ikaua tena. Maana yake kuna kitu kinakufa kwa joto ambacho sio kingamwili. Alipewa Nobeli ya mwaka 1919. Na ukienda field utakutana nayo, kile kipimo cha zamani cha kaswende, VDRL, seramu lazima ikae kwenye beseni la maji moto nyuzi 56 kwa dakika 30 ili komplementi ife isivuruge majibu. Mimi nikiwa field kwenye hospitali moja nilisahau kuwasha lile beseni, nikaweka chupa 12 kwenye maji ya baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita nikaenda kunywa chai, nimerudi nafurahi dakika 30 zimetimia! Mama mkuu wa maabara akaingiza kidole kwenye maji akaniangalia tu bila kusema neno. Toka siku ile 56 siisahau.

Kuhusu CR3 yenyewe (CR ni kifupi cha Kiingereza cha kipokezi cha komplementi) soma jibu linalofuata, nimeshaliandika kwa mtu mwingine na sina nguvu ya kurudia.

Kamwene. Napasua mbao huku Mafinga miaka mingi. Kibanzi cha paini kikiingia kidoleni jioni, asubuhi kidole kimevimba na siku ya pili kina usaha. Huo usaha unatoka wapi haraka hivyo? (Fundi)

Kamwene fundi. Swali lako ni zuri kuliko la mwanafunzi, ngoja tukiangalie hicho kidole kwa karibu.

Saa kumi na mbili jioni kibanzi kimezama. Kimebeba bakteria wa kwenye mbao na kimesukuma ndani wale wa kwenye ngozi yako mwenyewe. Ndani ya dakika chache tu komplementi imeshaanza kuchora X. Sasa vile vipande vidogo vilivyokatika, C3a na hasa C5a (cha C5, nayo hukatwa kama C3), havikai pale, vinasambaa kwenye nyama kama harufu ya nyama choma inavyotoka kwenye jiko ikafika barabarani. Kwenye kamshipa ka jirani nyutrofili zinapita na damu, na zina kipokezi maalumu cha kunusa C5a. Ikinusa tu, mambo yanabadilika. Ile CR3 ambayo nyingi ilikuwa stoo, kwenye vijifuko ndani ya seli, inapandishwa juu ya ngozi ya seli dakika hiyo hiyo. Alafu CR3 huwa imejikunja kama kisu cha mfukoni, ikiamshwa inanyooka, na ikinyooka ndo inashika.

Inashika nini? Hapa ndo utamu. Kwanza inashika ukuta wa mshipa, mana damu inakimbia na seli bila kujishika itapitilizwa. Ikishajishika inajibana, inapenya katikati ya seli za ukuta inatoka nje kwenye nyama, inafuata harufu mpaka kwenye kibanzi. Kule mkono ule ule, CR3 hiyo hiyo, unamshika bakteria kwenye X na seli inammeza. Kwahiyo ni kishikio kimoja kazi mbili, cha kushukia kwenye gari na cha kukamatia mwizi.

Wewe wa Mafinga nitakueleza na kitu ambacho wanafunzi wanakikariri bila kukielewa. Gogo linagongwa nyundo, linabaki na muhuri. Ukilipasua, muhuri unaweza ukakatika, kipande hiki nusu, kile robo, lakini mjuzi akiona robo anajua huu ni muhuri. C3b nayo ikishanasa, mwili wenyewe unaipunguza, unaipasua inakuwa iC3b, alafu baadaye inabaki kipande kidogo cha mwisho kinaitwa C3d. Kila kipande kina msomaji wake. CR1 inasoma vizuri C3b nzima. CR3 na ndugu yake CR4 wanasoma iC3b. CR2 inasoma kile kipande cha mwisho. Basi, nusu ya mtihani wa huyo kijana wa Soweto umeisha hapo.

Usaha ni nini sasa: ni nyutrofili zilizokuja, zikameza, zikafa, pamoja na bakteria na nyama iliyooza. Mwili unatengeneza nyutrofili kama bilioni 100 kwa siku, kwahiyo kujaza ncha ya kidole usiku kucha sio kazi kubwa kwao. Toa kibanzi mapema, osha kwa maji na sabuni, na kama chanjo ya pepopunda hujachoma siku nyingi pitia kituo cha afya, usisubiri taya likaze.

Mimi ni mama wa mtoto wa wiki mbili na siku tatu, Njombe. Kitovu hakijadondoka. Dada mmoja mfamasia kanitisha kwamba kuna ugonjwa wa seli nyeupe kukosa hiyo CR3 na dalili yake ni kitovu kuchelewa. Silali. (Mama K)

Mama K pole na lala kwanza. Huyo dada hajakosea ila kakupa habari ya simba kwa mtu aliyeona paka. Vitovu vingi vinadondoka ndani ya wiki moja mpaka mbili, vingine vinachelewa mpaka wiki ya tatu na watoto wazima kabisa. Kikipita wiki tatu kuelekea nne bado kipo, au sasa hivi kikiwa chekundu pembeni, kinanuka, mtoto ana homa au hanyonyi, nenda hospitali leo hii bila kunisubiri mimi.

Huo ugonjwa upo kweli lakini ni wa nadra mno. CR3 imeundwa kwa nyuzi mbili zilizosukwa pamoja, na uzi mmoja, CD18, unatumika pia kutengeneza CR4 na kishikio kingine. Mtoto akirithi hitilafu ya uzi huo kutoka kwa baba na mama wote wawili, anakosa vyote kwa mpigo. Seli nyeupe anazo, tena nyingi kupita kiasi, ukipima damu zinafurika kwa sababu zimebaki kwenye barabara zinazunguka tu, haziwezi kujishika zikatoka. Kwahiyo anapata vidonda na maambukizi ya mara kwa mara na, sikiliza hii, hayana usaha. Fundi wa Mafinga analalamika usaha, kumbe kuna mtoto anauhitaji huo usaha hana. Tiba ya kumaliza kabisa ni kupandikizwa uboho.

Kitovu kiache kikauke, safi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake. Majivu, mavi ya ng'ombe, dawa ya mswaki, hapana, hata kama bibi ndo kasema na bibi tunamheshimu.

Kyela hapa. Nimesikia seli nyekundu nazo zina hicho kipokezi. Seli nyekundu si za kubeba hewa tu? Na inahusianaje na malaria mana huku ndo kwetu. (Mkulima wa kokoa)

Ndaga kwa swali. Ni kweli, na hii ndo sehemu ninayoipenda mimi kuliko zote.

Seli nyekundu zina CR1. Kila moja inazo chache tu, mia kadhaa, wakati seli nyeupe moja inaweza kuwa na maelfu. Lakini hesabu: tone dogo la damu, milimita moja ya ujazo, lina seli nyekundu kama milioni 5, na nyeupe ni elfu chache. Kwahiyo ukijumlisha, CR1 iliyo kwenye damu karibu yote iko kwenye seli nyekundu. Kazi yake ni ubebaji. Kingamwili zikishamshika mdudu na komplementi ikachora X, lile bonge likiachwa linaelea ovyo litaenda kunasa kwenye figo na kuharibu. Seli nyekundu inapita, CR1 inalidaka, inalipakia kama bajaji ya Kyela inavyopakia gunia la mpunga mgongoni, inalipeleka mpaka kwenye ini na bandama. Huko makrofeji wanalipokea, wanalimeza, seli nyekundu inaachwa iende zake na safari yake. Inaishi kama siku 120, na kila ikizeeka vishikio vinapungua, kama gari la mizigo linavyopoteza ndoano. Mwaka 1953 mtafiti mmoja anaitwa Robert Nelson ndo alionyesha kwamba bakteria waliopakwa komplementi wanaganda kwenye seli nyekundu za binadamu, ila kipokezi chenyewe kilichukua miaka mingi kupatikana.

Sasa malaria. Kidudu cha malaria kali, falsiparamu, ni mjanja wa stendi. Kina protini inayoshika CR1, mlango ule ule wa kupandishia mizigo ndo kinautumia kama njia mojawapo ya kuingilia ndani ya seli. Alafu seli ambayo imeshaambukizwa inatoa protini nyingine nje inashika CR1 za seli nzima za jirani, zinagandana kama ua, moja katikati na zingine zimeizunguka, na maua kama hayo yanahusishwa na malaria kali kwa sababu yanachangia kuziba vimishipa vidogo. Na kuna watu wengi Afrika ambao CR1 yao ina umbo tofauti kidogo, ni aina ya kundi la damu kabisa, sio A wala O, lingine, na seli zao hazitengenezi hayo maua vizuri. Tafiti za kama linawakinga na malaria kali zimetofautiana, zipo zilizoona ndio, ya Kenya mojawapo, na zipo ambazo hazikuona. Kwahiyo usije ukalala bila chandarua ukisema babu alikuwa na CR1 nzuri.

Dawa gani ya asili inaongeza komplementi? Mlonge? Tangawizi? (Mwanjelwa)

Hakuna, na hata ingekuwepo usingeitaka. C3 peke yake unayo kama gramu moja kwa lita ya damu, ni nyingi hiyo. Shida ya mwenye kopo la rangi sio kukosa rangi, ni kuchora nyumba isiyohusika. Seli zako mwenyewe zina walinzi juu yake wanaofuta X kila dakika, na mtu akikosa hao walinzi kwenye seli nyekundu, kuna ugonjwa ambao komplementi inapasua damu yake na anakojoa mkojo wa rangi ya kokakola asubuhi. Ndo mana wenye viwanda vya dawa wanahangaika kupunguza, sio kuongeza. Ekulizumabu, ya kuzuia C5, iliruhusiwa Marekani mwaka 2007. Avakopani, vidonge vinavyoziba kile kipokezi cha kunusa C5a, vikaruhusiwa 2021 kwa ugonjwa wa kuvimba mishipa ya damu. Tangawizi weka kwenye chai.

Nina lupasi, mwaka wa nne sasa, niko Iringa. Majibu ya juzi yameandikwa C3 na C4 ziko chini. Daktari kasema "tutaongeza dawa", akaita anayefuata. Sijui niogope kiasi gani. (Dada wa Kihesa)

Dada yangu pole, na hilo la "anayefuata" linaniuma, foleni ni ndefu lakini sentensi mbili hazimalizi foleni.

C3 na mwenzake wa komplementi C4 kushuka kwa mtu mwenye lupasi mara nyingi maana yake zinatumika, sio kwamba ini limeacha kuzitengeneza. Kwenye lupasi mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya vitu vyako mwenyewe, mabonge yale niliyomwambia mkulima wa Kyela yanakuwa mengi, komplementi inachora X usiku na mchana mpaka rangi kwenye kopo inapungua. Alafu kuna la pili, wenye lupasi seli zao nyekundu huwa na CR1 chache kuliko watu wengine. Kwahiyo mizigo imeongezeka na bajaji zimepungua ndoano, mizigo inamwagika njiani, na sehemu inayopenda kumwagika ni kwenye figo. Ndo mana daktari akiona C3 imeshuka anawaza figo kabla ya yote.

Cha kufanya wewe: uliza kama mkojo umepimwa protini na damu imepimwa kreatinini. Ukiona miguu inavimba, uso unavimba asubuhi, mkojo una povu jingi au umebadilika rangi, usingoje tarehe ya kliniki. Vidonge usiache hata ukijisikia mzima, hasa vile vya steroidi, kuvikata ghafla ni hatari kwenyewe. Na majibu ya zamani yatunze kwenye bahasha moja uende nayo, namba moja peke yake haisemi sana, inayosema ni ilikuwa ngapi mwezi ule na ni ngapi sasa.

Na kwa wengine mnaosoma, C3 kuwa chini sio lazima lupasi. Mtoto aliyeumwa koo au vidonda vya ngozi, wiki chache baadaye anavimba uso na kukojoa mkojo mweusi mweusi, naye C3 yake hushuka, kwa kawaida inarudi yenyewe ndani ya wiki nane hivi.

Sisi wachimbaji Chunya TB inatumaliza. Hizo seli nyeupe si zinammeza? Sasa mbona hafi? (Mwana wa Chunya)

Zinammeza, na ndicho anachotaka. Makrofeji wa mapafuni ana CR1, CR3 na CR4, na bakteria wa TB anakubali kupakwa X akaingia kwa milango hiyo kama abiria mwenye tiketi. Ukimezwa kwa mlango wa kingamwili seli inakasirika, inamwaga sumu, lakini mlango wa komplementi mara nyingi ni wa kimya kimya. Akishaingia anazuia kile kifuko chake kisiunganishwe na kifuko cha asidi, anakaa, anazaliana polepole. Na nyie kuna vumbi la mawe, silika, ambalo makrofeji akilimeza linamuua, kwahiyo mlinzi mwenyewe mgonjwa. Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda kapime, kipimo na dawa za TB ni bure. Na mwagieni maji wakati wa kuchoronga, vumbi linapungua sana.

Mimi mwalimu wa biolojia, Tukuyu. Umeruka CR2. Nimesoma ina uhusiano na uvimbe wa taya wa watoto, Burkitt. Ni kweli? (Mwalimu)

Mwalimu umenikamata. CR2 nimeiruka kwa sababu sio ya kumeza, ni ya kukumbuka. Iko kwenye seli B, zile zinazotengeneza kingamwili. Seli B ikimshika mdudu kwa kipokezi chake cha kawaida inaweza ikasitasita, lakini mdudu akiwa na kile kipande cha mwisho cha muhuri, C3d, CR2 nayo inashika, na kushikwa kwa mikono miwili kunaiamsha seli kwa nguvu kabisa. Mwaka 1996 watafiti walichukua protini moja ya ute wa yai la kuku wakaiunganisha na C3d tatu wakawachoma panya, kinga ikaamka kwa kiasi kidogo mara 10,000 kuliko kile kilichohitajika bila C3d. Elfu kumi! Mimi nilisoma mara mbili nikidhani sifuri zimezidi.

Na ndio, uhusiano upo. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Uganda, mwaka 1958 akaandika kuhusu watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 akachukua gari na wenzake wawili wakazunguka Afrika Mashariki na kuteremka mpaka kusini kama kilomita 16,000, wanauliza hospitali moja baada ya nyingine, mmewaona watoto hawa? Kilichojitokeza ni kwamba ukipanda milimani kwenye baridi uvimbe unapotea, ukishuka kwenye joto na mvua unauona. Mwalimu wewe uko Tukuyu, simama hapo kwenye migomba uangalie chini Kyela, huo mteremko wa saa moja na nusu kwa Kosta ndo aina ya mteremko aliokuwa anauzungumzia. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi kwenye seli za uvimbe huo. Kirusi hicho, cha Epstein-Barr, mlango anaoingilia kwenye seli B ni CR2. Lakini kirusi karibu kila mtu anacho, hapa na Ulaya, kinachoongeza hatari kule chini ni malaria ya mfululizo tangu utotoni inayozichosha na kuzichochea seli B hizo hizo, na mbu wa malaria baridi ya mlimani hampendi. Uvimbe wenyewe ukiwahiwa unatibika kwa dawa, kwahiyo mtoto taya likivimba bila jino bovu asipelekwe kwa mganga wa kukanda.

Nafundisha kidato cha tatu Makete, hatuna maabara ya maana. Nitawaonyeshaje wanafunzi habari hii ya X na kipokezi? (Ticha)

Huhitaji maabara ticha, unahitaji kishona nguo. Sio nyinyi mna majani yale yenye vijimbegu vyeusi vinavyonasa kwenye sweta ukipita shambani? Tuma watoto wakachume viganja viwili.

Mwanafunzi mmoja avae sweta, yeye ni bakteria. Mrushie vile vijimbegu, vinanasa popote, haviulizi wewe nani, na C3b ni hivyo hivyo, inanasa kwenye chochote kilicho karibu. Mwingine avae sweta naye ila simamisha wawili pembeni wanaombandua kila kinachonasa, huyo ni seli ya mwili na walinzi wake. Alafu mfunge mtu kitambaa machoni, yeye nyutrofili, apapase kwa mikono, sheria ni moja, akigusa kijimbegu anashika na haachii, asipogusa anapita. Watoto watacheka sana lakini hawatasahau. Ukimaliza mwambie yule bakteria avae koti la mvua juu ya sweta lenye vijimbegu, mpitishe tena mbele ya nyutrofili. Vipo ila mkono hauvifikii. Hicho ndicho anachofanya bakteria wa nimonia na lile ganda lake la utelezi, X imechorwa kabisa, imefunikwa. Waulize sasa nyutrofili afanyeje, na uwaache wabishane mpaka kengele, mana jibu, kingamwili inayoshika lile koti lenyewe ili X ichorwe nje, watalifikia wenyewe kabla hujawaambia, mimi niliwajaribu watoto wa dada yangu sebuleni na wa miaka tisa ndo alilitoa.